Jiko la ethanoli mjini Moshi: moto safi, chupa zinaachwa njiani

Jiko la ethanoli lenye sehemu mbili za kupikia, linalouzwa pamoja na mafuta yake katika duka moja la Majengo, Moshi, linastahili kununuliwa na familia ndogo, ingawa sifa ya uchumi wa mzunguko, yaani kutumia tena masalia na vifungashio badala ya kuvitupa, iliyoandikwa kwenye boksi lake bado ni nusu ya kweli.

Mafuta humiminwa katika kikopo chenye nyuzi nzito zinazoyafyonza, kiasi kwamba kikiinamishwa hayachuruziki. Mwali ni wa bluu, sufuria hazishiki masizi, na chai na ndizi za kupika huiva bila tatizo. Maharage ni habari nyingine: kilo moja ya ethanoli hutoa joto la takriban megajuli 27, wakati ya gesi ya mtungi hutoa karibu 46, kwa hiyo asiyeyaroweka usiku kucha atamaliza kikopo kabla hayajalainika.

Muuzaji hulinganisha mafuta yake na methanoli jadidifu, yaani isiyotokana na mafuta ya ardhini wala gesi asilia, ambayo kampuni ya usafirishaji ya Maersk imeanza kuitumia katika meli zake na ambayo kiwanda cha Iceland kilianza kuitengeneza mwaka 2012 kwa hewa ukaa na hidrojeni. Zote mbili ni alkoholi, lakini methanoli ni sumu inayoweza kupofusha macho hata ikinywewa kidogo, na mwali wake hauonekani vizuri mchana, kwa hiyo ibaki melini. Jikoni, penye watoto, ethanoli ndiyo inayofaa, nayo pia ihifadhiwe mbali na mikono yao.

Kwa maelezo ya dukani, ethanoli hiyo imetokana na molasi, yaani masalia ya sukari. Kwa mkoa wenye mashamba ya miwa ya kampuni ya sukari ya TPC kule Arusha Chini, ambako makapi ya miwa huchomwa kuzalisha umeme, hilo ni jambo la maana zaidi kuliko mkaa wa kukata miti. Tatizo ni kwamba mafuta huuzwa katika chupa ya plastiki ya lita moja, na duka halipokei chupa tupu wala halikubali kujaza upya ile uliyokuja nayo, hata ikiwa safi na ina nembo yao wenyewe. Pampu ndogo ya kupimia, kama ya mafuta ya taa, ingetosha, na bei ingeshuka kwa thamani ya chupa.