Uzamivu wa Uchumi wa Biashara: Tathmini ya Aliyeumaliza kwa Miaka Sita

Programu za shahada ya uzamivu katika uchumi wa biashara hujitangaza kwa orodha ya masomo. Nimemaliza programu ya aina hiyo baada ya miaka sita, katika chuo ambacho sitakitaja, na naweza kusema kwamba masomo hayo ni mazuri kweli, ila hayafai kuwa sababu ya mtu kuchagua chuo, kwa kuwa yanafanana karibu kila mahali. Mwanafunzi huenda huko kupata msimamizi, na hicho ndicho kitu ambacho tangazo halikisemi.

Miaka miwili ya kwanza hupita darasani, bega kwa bega na wanafunzi wa idara ya uchumi: nadharia ya maamuzi ya mtu na ya kampuni, nadharia ya michezo, yaani uchambuzi wa maamuzi ambayo matokeo yake hutegemea wanavyoamua wengine, na ekonometria, yaani upimaji wa mahusiano ya kiuchumi kwa takwimu. Anayetoka kwenye uzamili wa usimamizi wa biashara akitarajia mijadala kuhusu uongozi na masoko atashtuka, kama nilivyoshtuka mimi nilipokabidhiwa mazoezi ya wiki ya kwanza na kukuta hayana hata namba moja, ni herufi za Kigiriki tupu na agizo la kuthibitisha. Jumamosi nzima iliishia kwenye swali la kwanza, na ilipofika jioni nikabaini kwamba tangu asubuhi nilikuwa nimeandika "kwa kila" mahali palipotakiwa "kuna angalau moja".

Somo la nadharia ya kampuni lilifidia mateso hayo yote. Mhadhiri alilifundisha kama mazungumzo ya watu wanaojibizana kwa takribani miaka themanini. Mwaka 1937 mwanauchumi Ronald Coase aliuliza swali linaloonekana la kitoto: ikiwa bei za sokoni zinatosha kupanga nani azalishe nini, kwa nini kuna kampuni? Jibu lake lilikuwa kwamba kulitumia soko kuna gharama, kwa sababu ni lazima kumtafuta wa kufanya naye biashara, kupatana naye, kuandika mkataba na kuusimamia, na kuna wakati ambapo ni nafuu kumwajiri mtu kuliko kupatana naye upya kila siku. Baadaye Oliver Williamson akachambua ni miamala ya aina gani inayofaa kufanyika ndani ya kampuni. Bengt Holmström akachunguza namna ya kumlipa meneja ambaye juhudi zake hazionekani. Naye Oliver Hart akaonyesha kwamba, kwa kuwa hakuna mkataba unaoweza kutaja kila kitu, mwenye mali ndiye anayebaki na uamuzi juu ya yale yasiyoandikwa. Wote wanne walipata Tuzo ya Nobel ya Uchumi, Coase mwaka 1991, Williamson mwaka 2009, na hao wawili wa mwisho kwa pamoja mwaka 2016. Kwa somo hilo peke yake natoa alama zote.

Mitihani ya kufuzu ni migumu, na inapita.

Tatizo huanza mwaka wa tatu, pale ambapo mtu aliyezoea kujibu maswali anatakiwa kutunga la kwake. Msimamizi wangu wa kwanza alikuwa na jina kubwa na wanafunzi tisa. Nilimpelekea sura ya kwanza ya tasnifu, ikakaa kwake wiki kumi na moja, ikarudi ikiwa na maneno matatu juu ya ukurasa: "Hii inahusu nini?" Nakiri kwamba swali lilikuwa sahihi, kosa ni kwamba lingeweza kuulizwa wiki ya kwanza. Nilipobadilisha msimamizi, jambo ambalo kanuni ziliruhusu lakini ofisi ya programu ililishughulikia kana kwamba ninaomba talaka, nilimpata mtu asiye na sifa kubwa aliyenipa nusu saa kila baada ya wiki mbili. Alisoma ukurasa wa kwanza tu, penseli mkononi, na alipofika mahali asipoelewa alipiga mstari na kuacha kusoma. Tulizungumza kuhusu mstari huo, basi. Baada ya miezi minne mstari ulishuka hadi chini ya ukurasa.

Kwa upande wa data, huduma ilikuwa nusu. Swali langu lilikuwa iwapo kampuni za familia hufanya vizuri zaidi zinapoajiri meneja wa nje, na ugumu wake ni kwamba inayomwajiri meneja huyo mara nyingi ni ile iliyokwisha kuyumba, hivyo kulinganisha makundi mawili moja kwa moja ni kujidanganya. Mbinu za kukwepa mtego wa namna hiyo, zile zilizowapa Joshua Angrist na Guido Imbens sehemu ya Tuzo ya Nobel ya mwaka 2021, tulifundishwa vizuri sana. Hatukufundishwa hata siku moja namna ya kuunganisha hifadhidata mbili ambamo kampuni ileile imeandikwa kwa namna nne, mara ina nukta, mara haina. Kazi hiyo ilikula miezi minane.

Semina ya kila wiki naisifu, ingawa mtoa mada hukatizwa kwenye slaidi ya pili na pengine hafiki ya tano. Huko ndiko tulikosimuliwa, mara nyingi kuliko ilivyohitajika, kwamba makala ya George Akerlof, mwanauchumi aliyekuja kupata Nobel, kuhusu soko la magari yaliyotumika ilikataliwa na majarida matatu kabla ya kuchapishwa mwaka 1970. Hufariji mara mbili za kwanza.

Ufadhili ulikuwa wa miaka mitano ilhali ni wachache waliomaliza kwa muda huo, na mwaka wa sita niliugharimia kwa kusahihisha mitihani ya shahada ya kwanza. Anayetaka kupanda cheo kazini asijiingize huku. Zipo shahada za uzamivu katika usimamizi wa biashara zilizotengenezwa kwa ajili yake, na huku atachoka bure. Anayetaka kufundisha na kutafiti, au kufanya kazi katika benki kuu na mamlaka za ushindani wa kibiashara, atapata anachokihitaji, mradi kabla ya kusaini chochote aulize kila msimamizi ana wanafunzi wangapi, wangapi wamemaliza na kwa miaka mingapi, kisha amtafute mmoja aliyeacha katikati na kumsikiliza. Mimi, siku ya kutembelea chuo, niliuliza maktaba inafungwa saa ngapi.