Wamenibadilishia dashibodi nzima kumbe ni waya wa ethi

Naandika nikiwa bado na hasira, mnivumilie. Nina Canter ya zamani, mnazijua, sina haja ya kuielezea, ndiyo imenisomeshea watoto. Miezi kadhaa nyuma mshale wa mafuta ulilala kwenye E ukagoma kuamka hata nikijaza tanki mpaka linamwagika. Nikawa natumia kijiti, unafungua mfuniko unachovya, maisha yanaenda. Sasa usiku mmoja tunatoka Iringa na nyanya za watu, tandiboi kachovya akasema yapo ya kutosha, kufika Bwawani gari ikakohoa ikazima. Na dizeli ikikata huwezi kumwaga dumu ukapiga stata ukaondoka, lazima utoe hewa, unalegeza nati pale kwenye filta unapampu kwa mkono mpaka povu liishe, giza totoro, nyanya zinazidi kulainika.

Ndo nikaenda gereji moja hapa Dar, jina naliacha, ina bango kubwa na risepsheni yenye kiyoyozi. Fundi mkuu hata hakuinama. Kachungulia dirishani, "geji imekufa hii", dashibodi ibadilishwe, laki na themanini, tena used. Nikamuuliza kaka, si upime hata fyuzi kwanza? Akawageukia wenzake anacheka, "Mzee, ukitaka kila kitu kifanye kazi nunua gari jipya." Mbele ya wateja! Mimi na mvi zangu! Nikalipa kwa kuwa kesho yake nilikuwa na mzigo. Wamefunga, mshale umelala vilevile, tena sasa kilomita zinasoma za gari la mtu mwingine, na dashibodi yangu nikiidai naambiwa ilishatupwa.

Nageuza nitoke, dogo mmoja wa palepale, wale wa kuosha spana, akanifuata. "Shikamoo mzee, weka swichi on ila usiwashe." Akachomoa soketi ya floti, kale kadude kanakoelea ndani kupima mafuta, pale juu ya tanki, waya unaokwenda kwenye geji akaugusisha kwenye chesisi. Mshale ukapanda taaaratibu mpaka F. Yani geji nzima, na ile ya kwanza bila shaka ilikuwa nzima! Akafuatilia ethi ya floti, kale kawaya keusi ka kurudisha umeme kalikofungwa na bolti kwenye chesisi, kutu tupu, ukikagusa kanamenyeka kama ganda la karanga. Akapiga msasa, akakaza bolti, dakika kumi hazikufika. Nikampa elfu tano akaikataa mbele ya bosi, akaja kuipokea nje ya geti.

Kwa hiyo msiende pale. Ingawa breki walinifungia zamani na sijawahi kuzilalamikia, hilo lazima niseme. Basi nendeni, ila mumuulizie dogo, yule mkubwa asishike hata skrubu. Hapana, msiende kabisa, laki na themanini yangu inauma. Na dashibodi yangu nikiikuta kwenye meza ya spea za used nitaijua tu, ina stika ya mpira aliyobandika mwanangu pembeni ya kioo.