TAHADHARI: Kishoka (wakala feki) wa bima anayezunguka kwenye vikao vya harusi Dar

Wanakamati, wazazi wa maharusi na yeyote mwenye shughuli miezi hii, someni hii kabla ya kikao chenu kijacho. Kuna kaka mmoja nadhifu, mkoba mweusi, kitambulisho shingoni, anapita kwenye vikao vya harusi upande wa Tabata, Segerea na Kinyerezi akiuza anachokiita "Kifurushi cha Familia na Sherehe". Karatasi moja, bei moja, shilingi 480,000 kwa mwaka. Ndani yake eti kuna matibabu ya maharusi na wazazi wa pande zote mbili, kuna dhahabu na vyombo vya ndani, na kuna siku yenyewe ya harusi: mvua ikinyesha, ukumbi ukigoma, MC asipotokea, mnalipwa. Msimpe hela. Hakuna bima pale.

Jina lake silitaji, maana ana majina zaidi ya moja, na kampuni anayoitembeza imefananishwa jina na kampuni nyingine halali ambayo haihusiki kabisa. Ninachotaka mkijue ni anavyofanya kazi, kwa sababu akikosa Tabata ataibukia Kimara au Mbagala.

Haji mwenyewe, analetwa. Mara nyingi anayemleta ni mtu wa mapambo au wa kukodisha viti na maturubai ambaye naye kaahidiwa kamisheni, na kwa kuwa mwenyekiti anamfahamu huyo wa mapambo, kikao kizima kinalainika. Anasubiri ajenda ya mengineyo, mwisho wa kikao. Akipewa dakika zake tano anaanza na kisa cha harusi iliyoharibika, kisha anahamia kwenye jambo ambalo kila mtu kalisikia redioni, Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote iliyopitishwa na Bunge mwaka 2023. Anasema bima inakuja kuwa lazima, wenye akili wanaingia sasa kwa bei ya ofa, na ofa inaisha usiku ule ule. Saa nne ya usiku, watu wamechoka, mweka hazina ana michango yote kwenye simu. Hapo ndipo anapowapatia watu.

Kwetu mweka hazina ni mimi, na bahati nzuri katibu wetu ni mwalimu mstaafu asiyekubali kupitisha chochote ambacho hakijasomwa. Tukamwambia atuachie nakala. Alisita, lakini mbele ya watu ishirini asingeweza kukataa, akaiacha. Karatasi ile ndiyo iliyomuumbua.

Kitu cha kwanza: kwenye kona ya juu kulia kabandika stika ya bima. Stika ya gari! Ile ya kioo cha mbele, imepigwa kopi ya rangi na kukatwa vizuri kwa mkasi. Namba yake ilisomeka, tukaiingiza kwenye mfumo wa uhakiki wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, ikatuletea taarifa za gari la mtu. Maharusi wetu hawana namba za usajili, nijuavyo mimi.

Cha pili ni hesabu. Chini ya 480,000 kaongeza VAT asilimia 18, yaani 86,400, jumla 566,400. Msomaji wa haraka anaona VAT anadhani mambo ni ya kiserikali. Lakini kwa sheria yetu ya VAT ya mwaka 2014, bima ya afya imesamehewa kodi hiyo. Bima ya vitu vya ndani inatozwa, ya afya haitozwi. Kampuni ya kweli isingeweza kuvijumlisha vyote kwenye mstari mmoja na kuvitoza kodi kwa mkupuo, mhasibu wake angefukuzwa kazi. Na kwa kodi yote hiyo, risiti ya EFD, ile ya mashine ya kielektroniki ya kodi, hakuna. Kuna kijikaratasi cha kitabu cha risiti, vile vinavyouzwa madukani Kariakoo.

Cha tatu, malipo. Lipa namba iliyoandikwa chini, ukiiingiza kwenye simu linatoka jina la duka la vipodozi.

Wenzetu wa kamati nyingine, mtaa wa pili, walilipa. Siku ya sherehe sanduku la bahasha likapotea kati ya ukumbi na gari. Wakapiga simu ya "madai saa 24", wakaambiwa watumie shilingi 50,000 ya kufungua faili. Wakatuma. Simu ikazimwa na haijawaka tena. Lililowauma zaidi likaja baadaye, baba wa bibi harusi alipopelekwa hospitali kwa presha na kadi aliyopewa kwenye kifurushi. Dada wa mapokezi akaiingiza, akaigeuza, akaiangalia kwenye mwanga, akasema: "Mzee, hii kadi haisomi. Hii ni plastiki tu." Familia ikatoa keshi dirishani, mzee anahema pembeni kwenye benchi.

Sasa nieleze kwa nini kifurushi cha namna hii kingepaswa kuwatisha hata bila stika ya gari. Afya, mali na sherehe ni hatari tatu zisizofanana hata kidogo, na kila moja ina maswali yake. Wakala wa kweli anachosha. Anakuuliza umri wa kila mtu, kama kuna mwenye kisukari au presha, nyumba ina madirisha ya nondo au vioo vitupu, ile dhahabu ni gramu ngapi na risiti iko wapi. Asipouliza maana yake hana anachokipima, na asiyepima hana nia ya kulipa. Huyu kaka hakutuuliza hata majina ya wazazi.

Nianze na afya, maana ndiko watu wanakoumia zaidi. Kwanza, alituambia "tunafanya kazi na NHIF". Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya ni taasisi ya umma na malipo yake yanapita kwa kontroo namba, ile inayoanza na 99. Hakuna anayekuandikisha NHIF kwa lipa namba ya duka la vipodozi. Kwa bima za kampuni binafsi, usidanganywe na kikomo kikubwa kilichoandikwa juu kwa wino mzito. Uliza kikomo cha mgonjwa wa nje ni kiasi gani na cha kulazwa ni kiasi gani, maana vinatenganishwa, na familia nyingi humaliza cha nje mwezi wa sita wakati cha kulazwa hakijaguswa. Uliza muda wa kusubiri: uzazi hasa, bima nyingi hazilipi hadi ipite karibu mwaka tangu ujiunge, kwa hiyo maharusi wanaotarajia mtoto mapema wajue hilo leo. Ugonjwa uliokuwepo kabla ya kujiunga nao una masharti yake, na ukiuficha kwenye fomu umeipa kampuni sababu halali ya kukataa kulipa. Wazazi wenye umri mkubwa mara nyingi hawaingii kwa bei ya vijana, na mahali pengine hawaingii kabisa. Anayekuuzia wazazi wanne kwa bei ya mmoja, muulize anapata wapi hela ya kuwatibu.

Kuna njia moja rahisi ambayo watu hawaitumii. Kabla hujalipa, nenda hospitali ile ile unayotibiwa siku zote, simama dirisha la bima, uliza: kadi ya kampuni fulani, mpango fulani, mnaipokea? Wale wanajua nani analipa na nani anawasumbua. Watakuambia ukweli bila kuupamba.

Mali za thamani zina mtego mwingine, na huu hauletwi na matapeli tu, uko hata kwenye bima halali. Mtu ana vitu vya ndani vya milioni 20, ili apunguze ada anavikatia bima kwa thamani ya milioni 10. Wezi wanaingia wanabeba vya milioni 4. Anadhani atalipwa nne kwa sababu haijafika kumi. Hapana. Ameweka bima nusu ya thamani, atalipwa nusu ya hasara, milioni 2, na humo kampuni itaondoa makato yaliyotajwa kwenye mkataba. Haya yameandikwa wazi kwenye hati za bima lakini nani anazisoma? Dhahabu na saa za bei zinatakiwa ziorodheshwe moja moja na thamani yake, vinginevyo zinaingia kwenye kikomo kidogo cha kila kitu kimoja. Na bima ya vitu vya ndani inalinda vikiwa ndani. Mkufu ukikatika ukumbini wakati wa kucheza, hiyo ni kinga nyingine, inaombwa kwa kutajwa na inalipiwa zaidi. Ya wizi nayo mara nyingi inataka dalili za kuvunja na RB, yaani namba ya taarifa iliyofunguliwa polisi. Fedha taslimu, bima nyingi za nyumbani ama hazizigusi au zinaziwekea kikomo kidogo, kwa hiyo lile sanduku la bahasha la wenzetu lingekuwa na utata hata kama bima ingekuwa halali. Siku hizi kamati nyingi zinawatumia wageni namba ya kupokea zawadi kwa simu. Wazee hawaipendi, mimi naipenda.

Kuhusu bima ya sherehe, tofautisheni ajali na uamuzi. Uingereza, ambako bima ya harusi inauzwa kama kitu cha kawaida, inalipa mambo kama ukumbi kufungwa ghafla au ndugu wa karibu kuugua sana hadi shughuli ikaahirishwa. Mmoja wa maharusi akighairi kwa kubadili mawazo hailipi. Huyu wa kwetu aliulizwa swali hilo na shangazi mmoja mcheshi, akajibu bila kupepesa: "Mama, hata wakiachana wiki moja kabla, tunalipa." Kikao kikacheka na kupiga makofi. Hakuna mtu mwenye hesabu zake anayeuza ahadi hiyo, maana kesho yake vijana wangeanza kuchumbiana ili waghairi. Alituuzia na mvua pia, kwa shughuli ya uwanjani, mwezi wa Aprili. Masika ya Dar ni Machi hadi Mei. Mvua ya Aprili si ajali, ni ratiba. Kodini turubai.

Kama mna hofu ya kweli kuhusu siku ile, jadilini mkataba na ukumbi kabla ya bima: malipo ya awali yanarudi kwa sharti gani, jenereta ni la nani, nani anawajibika mgeni akiumia. Kisha nendeni kwenye kampuni yenye ofisi au dalali mwenye leseni mkaulize kinga ya kitu mahsusi, kama fedha zikiwa safarini au vyombo vya kukodi.

Jinsi ya kumhakiki mtu: orodha ya kampuni, madalali na mawakala wenye leseni iko kwenye tovuti ya TIRA. Linganisha jina herufi kwa herufi, maana hawa wanapenda kuongeza neno moja mbele au nyuma. Kisha ipigie kampuni kwa namba uliyoitafuta mwenyewe, si iliyo kwenye karatasi yake, na uwaulize kama wanamfahamu. Hati ya bima inayotoka kwenye mfumo ina namba ya marejeo unayoweza kuihakiki kwenye mfumo wa TIRA. Mwambie atoe hati kwanza kwa malipo yanayokwenda kwenye akaunti ya kampuni. Benki nyingi nazo siku hizi ni mawakala wa bima, na faida yake moja ni kwamba yule ofisa kesho utamkuta kwenye kiti chake.

Mliokwishalipa: msifute meseji wala kumbukumbu za muamala. Kama ni leo, pigieni mtandao wenu wa simu mara moja mkaombe muamala uzuiwe, kila dakika tapeli anazitoa hela. Namba iliyowatumia meseji za kitapeli ipelekeni 15040. Nendeni polisi mkafungue jalada mpate RB, na TIRA muwataarifu kwamba kuna mtu anauza bima bila leseni. Nimeona wengine wanashauriana kwenda kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Ofisi hiyo ni nzuri, lakini inashughulikia mgogoro wako na kampuni ya bima iliyosajiliwa, kwa mfano ikikataa dai au ikichelewesha fidia. Kishoka hana kampuni. Huyo ni wa polisi. Na akiwapigia mtu anayesema anaweza kuwarudishia hela yenu kwa ada ndogo, ni yeye yule kwa laini nyingine.

Wenzetu wa mtaa wa pili wameshafungua jalada na karatasi yetu tumewapa iwe kielelezo. Mwenye karatasi yenye stika ya gari kwenye kona ya juu kulia aitunze ilivyo, asiichane kwa hasira, awasiliane nasi. Tukiwa kamati nyingi zenye lipa namba ile ile, mpelelezi anakuwa na pa kuanzia.