Ujibadilishe wewe kwanza au upiganie sheria ibadilike?

Huu mjadala hauishi, kila watu wakiongelea haki au mazingira lazima mmoja aulize, sasa wewe mwenyewe nyumbani unaishije?

Tuanze na gharama. Kujibadilisha unaanza leo leo bila kikao wala ruhusa ya mtu, mfano unahubiri usawa wa kijinsia halafu ukimaliza kula sahani unaiacha mezani dada yako aioshe, hiyo unairekebisha usiku huohuo, unasimama unaosha. Kudai sheria kunakula muda, vikao, kukusanya saini, na wengine wamepoteza hadi kazi.

Kwenye matokeo sheria inashinda kwa mbali maana inamfikia hata yule asiyejali kabisa. Ila kudumu ndo pagumu kwa zote mbili, tabia ya mtu mmoja inachoka kimyakimya, na kundi nalo linavunjika watu wakigundua anayedai haki za wafanyakazi hamlipi dada wake wa kazi.

Halafu kuna mahali haviachani. Montgomery, Marekani, kuanzia Desemba 1955, watu weusi waligoma kupanda mabasi siku 381, kila asubuhi wengi wanatembea kwa miguu yao na wengine wanapeana lifti, lakini wanagoma wote pamoja, huku kesi iko mahakamani, mpaka ubaguzi ndani ya yale mabasi ukaamuliwa ni kinyume cha katiba.

Kama umebanwa, una watoto wadogo na nguvu zimeisha, anza na sahani. Kama una watu wanaokusikiliza, mi naona kuishia kwenye sahani ni kidogo mno.