Giaboksi Ipi ya Mkono Ununue kwa Land Cruiser ya Zamani ya Injini ya 4.2

Land Cruiser nyingi za mfululizo wa 80 zilizotoka Japani zilikuja na giaboksi ya otomatiki, na baada ya miaka thelathini ya joto, foleni na mizigo, huwa injini ya dizeli ya 1HD-T ingali imara ilhali giaboksi imeanza kuteleza, inachelewa kuingia gia, na oili yake imekuwa nyeusi yenye harufu ya kuungua. Hapo ndipo mwenye gari hushuka Kariakoo na Gerezani, jijini Dar es Salaam, kutafuta giaboksi ya mkono. Ushauri wangu mkuu ni huu: usinunue giaboksi peke yake, nunua seti nzima iliyotoka kwenye gari moja.

Nafasi ya kwanza naipa H151F ya gia tano, kwa sababu Toyota yenyewe iliifunga kiwandani nyuma ya injini hizi za dizeli za lita 4.2 (1HD-T yenye turbo na 1HZ isiyo na turbo) katika mfululizo huohuo wa 80. Gia yake ya kwanza ni 4.081 (yaani injini huzunguka mara 4.081 shafti ya kutoka ikizunguka mara moja) na ya tano ni 0.881, uwiano unaotosha kupanda mlima wa Kitonga ukiwa na mzigo na bado ukatembea kwa utulivu kwenye tambarare bila injini kulia. Ina udhaifu mmoja ambao mnunuzi anapaswa kuujua: katika zile za mwanzo, meno yanayounganisha shafti ya giaboksi na gia ya kuingilia ya transifa (kisanduku kinachogawa nguvu kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma) hulika kwa kukosa oili ya kutosha, na dalili yake ni mgongano mzito unaosikika unapokanyaga na kuachia mafuta. Kama transifa imefunguliwa, pitisha kidole juu ya meno hayo. Yakiwa yamechongoka au yana ngazi, iache hata ikishushwa bei.

Ya pili ni H55F, nayo ya gia tano, ambayo ilitumika katika mfululizo wa 60 na katika zile za 70 za kazi, zikiwemo HZJ75 za injini ya 1HZ. Gia ya kwanza ya 4.843 ina nguvu nyingi sana, kiasi kwamba dereva wa mjini atajikuta anaibadilisha kabla hajavuka makutano ya Ubungo, lakini anayebeba matofali kwenda shambani Kisarawe ataishukuru. Kwa mwenye mfululizo wa 60 wenye giaboksi ya zamani ya gia nne, hii ningeitanguliza kabla ya zote, kwa kuwa gia ya tano ya 0.845 huipunguzia injini mizunguko katika safari ndefu.

R151F naiweka ya tatu. Ni nyepesi, na Toyota iliifunga nyuma ya 1HZ isiyo na turbo, hivyo kwa injini hiyo haina tatizo. Kwa 1HD-T yenye turbo sishauri, maana msukumo wake ni mkubwa zaidi, na kiwanda chenyewe kiliendelea kutumia familia ya H (giaboksi zenye jina linaloanza na H) nyuma ya injini zake kubwa za turbo. H41F na H42F za gia nne ni za mwisho. Zinafaa tu kwa anayetaka kurudisha gari lake katika hali ya asili.

Seti ninayoizungumzia ni hii: giaboksi na transifa yake, kava la kengele (linalounganisha giaboksi na injini), flaiwili (gurudumu zito la nyuma ya injini), klachi pleti na prespleti, uma wa klachi na bearing yake, pedali, silinda ya juu na ya chini, na besi inayoshikilia giaboksi kwenye chesisi. Kava la kengele litoke kwenye injini ya familia ileile, kwani la petroli ya 2F halikai nyuma ya dizeli ya 1HZ. Mimi nilinunua H151F bila flaiwili, nikapata flaiwili kwa muuzaji mwingine aliyenihakikishia kuwa ni yenyewe. Siku ya kuwasha, stata ilipiga kelele kali na kusaga meno, kwa sababu ringi ya meno ya flaiwili haikulingana nayo, na gari likabaki juu ya magogo wiki tatu. Hesabu meno ya ringi kabla ya kulipa.

Dukani, omba bolti ya kumwagia oili ifunguliwe. Unga laini wa rangi ya shaba kwenye kidole ni uchakavu wa kawaida wa ringi za sinkronaiza (zinazolinganisha mwendo wa gia kabla hazijaingia), lakini vipande vya chuma vinavyochoma ngozi ni meno yaliyovunjika. Zungusha shafti ya mbele kwa mkono katika kila gia, ukisikiliza bearing, na uandikiwe risiti yenye namba ya giaboksi na muda wa kuirudisha.

Fundi wako azibe pia mabomba ya oili ya otomatiki yanayoingia kwenye rejeta, na aunganishe upya waya wa swichi ya usalama ya otomatiki, ile inayozuia gari kuwaka likiwa kwenye gia, la sivyo stata haitazunguka. Apime na propela, kwani urefu wake huweza kubadilika. Oili sili ya nyuma ya injini ibadilishwe kabla giaboksi haijapandishwa, kwa kuwa bei yake ni ndogo na kuifikia tena kunadai kushusha kila kitu.