Uzoefu wangu: uzi wa kwanza ulikuwa unatoka nje ya shingo ya gitaa, nimepeleka kwa fundi na haya ndo aliyofanya

Mi napiga solo kwenye bendi ya dansi hapa Dar, na wapigaji wenzangu mnajua sebene likishaanza solo anahamia kule freti (vile vyuma vilivyokatiza shingo) ya 12 kwenda mbele karibu na bodi na hatoki huko, kazi yote iko uzi wa kwanza na wa pili, zile mbili nyembamba. Sasa gitaa langu ni la mtumba, gitaa la umeme la muundo wa Stratocaster (kampuni siitaji maana hili tatizo linaweza kukuta gitaa lolote ambalo shingo imefungwa na skrubu), sauti yake naipenda mno ila tangu nalinunua ule uzi mwembamba ulikuwa unaniponyoka, yaani nikiuvuta kidogo tu kule mbele unateleza unatoka nje ya ukingo wa shingo, noti inakatika watu wako katikati ya kucheza. Inauma jamani. Mwaka mzima nikawa najua ni vidole vyangu, nikafanya mazoezi weee, hamna.

Nikaenda duka moja mjini wakaniambia weka nyuzi nene. Nikatoka kwenye seti ya 9 nikaweka ya 10 (namba ni unene wa uzi wa kwanza kwa sehemu za elfu za inchi), nikalipa, hali ikawa ile ile na vidole vikaanza kuuma juu yake. Duka lingine wakasema hilo limekwisha nunua jipya. Hapo ndo mpiga bass wetu akanielekeza kwa mzee mmoja fundi anafanyia kazi nyumbani kwake.

Kitu kilichonifanya nimuamini ni kwamba hakukimbilia bisibisi. Nimefika, shikamoo mzee, marahaba mdogo wangu, akachukua gitaa akalilaza mezani akatoa rula, akapima kutoka uzi mpaka ukingo wa shingo pale freti ya mwisho. Upande wa uzi mnene milimita 5, upande wa uzi mwembamba milimita 2. Akaniita nione mwenyewe. "Unaona, nyuzi zote zimehamia upande mmoja. Vidole vyako havina kosa." Kwakweli nilipumua.

Alivyonieleza ni hivi: shingo inakaa kwenye kishimo cha bodi na inashikwa na skrubu 4 kwa nyuma, kishimo kikiwa kipana kidogo kuliko shingo basi shingo inaweza kukaa upande, na upande kidogo sana pale kwenye bodi ukifika kichwani umekuwa mkubwa. Akalegeza nyuzi, akabakiza ule wa kwanza na wa sita zikiwa zimekaza kiasi ili zimuonyeshe mstari, akalegeza zile skrubu kama nusu mzunguko tu, halafu akashika shingo akaisukuma kichwa kielekee upande wa uzi mnene, yaani ukiwa umevaa gitaa ni kama unapandisha kichwa juu. Nilidhani angeenda upande wa pili, ila ukitafakari ni sahihi, briji (pale nyuzi zinaposhikwa kwenye bodi) haitembei kwa hiyo ukipandisha kichwa nyuzi zinarudi katikati ya shingo. Akakaza, akapima, 3 na nusu huku na 3 na nusu kule. Dakika kumi hazikufika! Kwenye ule mwanya uliobaki akachomeka kipande chembamba cha kadi ya plastiki shingo isirudi ilikotoka.

Ila mzee hakuishia hapo, na hapa ndo nilijifunza zaidi. Nati ya zamani (kile kipande cheupe karibu na kichwa chenye mifereji ya nyuzi) ilikuwa imechongwa ovyo, nafasi kati ya uzi wa pili na wa tatu kubwa kuliko zingine ukitazama tu kwa macho, ndo maana kodi ya D (noti kadhaa zinazopigwa pamoja) nilikuwa nagusa uzi wa jirani kila mara. Akasema mafundi wengi wanagawa nafasi sawa kutoka katikati ya uzi hadi katikati ya uzi, matokeo yake zile nene zinabanana, maana uzi wa sita kwenye seti ya 10 una unene wa milimita 1.17 wakati wa kwanza ni 0.25. Inatakiwa ule uwazi kati ya uzi na uzi ndo ulingane. Akaweka nati ya TUSQ (plastiki ngumu inayoiga pembe) ya Graph Tech ambayo mifereji inakuja tayari, shingo yangu pale juu ina upana wa milimita 42 kwa hiyo akapunguza pembeni kwa msasa, na akachonga mifereji kwa vituo vidogo vidogo huku anajaribu kila baada ya kuchonga. Kule kwenye briji vile vipande sita vinavyobeba nyuzi viwili vilikuwa vimelala upande, kila kimoja kina viskrubu viwili vya kupandisha, akavilinganisha na nafasi zikajipanga zenyewe.

Na sauti pia imebadilika, uzi wa kwanza sasa unapita juu ya sumaku ya pikapu (kile kifaa kinachonasa sauti ya nyuzi) badala ya pembeni, unasikika umeshiba.

Mabaya yapo mawili. Aliniambia kesho nikapata baada ya siku tatu na tulikuwa na harusi Jumamosi, nilihangaika kuazima gitaa. La pili mfereji wa uzi wa tatu aliuzamisha mno ukawa unagusa freti na kuvuma ukipigwa wazi bila kubonyezwa, nikamrudishia, akajaza bekingi soda na supagluu akachonga upya bila kudai hela nyingine. Hilo nililiheshimu.

Ufundi nililipa 50,000, nati nilinunua mwenyewe. Ukitaka kuagiza nati pima kwanza upana wa shingo yako pale juu na uangalie chini ya nati kama ni bapa au imepinda, maana ziko za aina zote mbili na ukikosea haikai. Jumamosi iliyopita nimepiga sebene mbili mfululizo, freti ya 15 hadi ya 20, uzi haujatoka hata mara moja.