App mpya ya kuchati: simu ya vidio safi, voisi noti bado sana

Hii app ya meseji na simu (jina naliacha, bado ni toleo la majaribio) sijaipima kwa kuichezea mwenyewe. Nimekaa na watu watano, mmoja mmoja, kila mtu na simu yake aliyoizoea, nikawapa kazi za kawaida tu, anzisha kundi, tuma voisi, futa meseji, piga simu ya vidio, na nikawaomba waseme kwa sauti wanachowaza wakiwa wanabonyeza. Watano wanatosha kuanzia, Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa kutumia app na tovuti, alishaandika hivyo tangu mwaka 2000, pima na wachache, rekebisha, halafu pima tena.

Simu ya vidio nawapa hongera kabisa. Kitufe kinaonekana, mtandao ukisumbua picha inaganda ila sauti inaendelea, na hakuna aliyeuliza abonyeze wapi.

Sasa njoo kwenye voisi. Unashikilia maiki, unaongea, ukiachia tu imeshaenda! Dada mmoja alikuwa anaongea huku anafikiria, kidole kikateleza katikati ya sentensi, app ikatuma nusu ya maneno, akabaki anaangalia skrini, mara aguse juu mara aguse chini akitafuta pa kuirudisha, na mimi nimekaa pembeni kimya maana ukimwonyesha njia tu jaribio limeharibika. Baadae akapata sehemu ya kufuta, kumbe "Futa" na "Futa kwa wote" zimebanana, maandishi madogo ya kijivu, akabonyeza ile ya kwanza. Kwake imepotea, kwa aliyetumiwa bado ipo, na app haijasema chochote. Yani mtu anaamini ameshafuta kumbe mwenzake anasikiliza! Hili kwangu ndo kosa zito kuliko yote, sio suala la urembo kabisa.

Kundi lilifunguka bila shida, ila kumtoa mtu kundini walihangaika kidogo.

Halafu cha ajabu, mwishoni nikawapa dodoso la SUS la kupima kitu ni rahisi kutumia kiasi gani, lile la John Brooke la 1986 lenye maswali 10, alama zikaja juu ya 68 kati ya 100, ambayo ndo huchukuliwa kama wastani. Dada yule yule kajibu kwamba app ni rahisi, eti labda yeye ndo hajui simu. Hapana dada, unajua simu vizuri tu, kitufe ndo kimewekwa vibaya. Ndo maana alama za watu watano huwa sizitegemei sana, natazama kidole kimesita wapi, maana watu wengi wakikwama wanajilaumu wenyewe na app inaondoka na sifa.

Nyota tatu kati ya tano. Kwa kupiga simu pakua tu, hutojuta. Kwa voisi subiri kwanza waweke sehemu ya kusikiliza kabla ya kutuma, na kitufe cha kutengua kikae walau sekunde kadhaa baada ya kufuta, wakivirekebisha hivyo viwili naongeza nyota ya nne siku hiyo hiyo.